Daftari Lisilo na Jina

Kazi yangu katika ofisi ya mradi wa msitu, hapa Tukuyu mjini, ni kunakili madaftari. Tuna waangalizi tisa wanaoishi pembezoni mwa msitu wa Mlima Rungwe. Kila siku isipokuwa Jumapili huingia porini kuwatafuta kipunji, wale tumbili wa manyoya marefu ya kahawia na kishungi kichwani, kisha huandika saa, mahali, idadi, na walichokuwa wakila. Mwisho wa mwezi madaftari huletwa ofisini yamevimba kwa unyevu, mengine yananuka moshi, nami huyaingiza kwenye kompyuta ukurasa kwa ukurasa. Wengi wa waangalizi hao nilikuwa sijawahi kuzungumza nao. Niliwajua kwa mwandiko.

Mwandiko wa Mzee Ambwene ulikuwa mkubwa na wa kulala, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne na bado anaiheshimu kila herufi. Kwa miaka miwili niliuona ukizidi kukua. Maneno yakaanza kuiacha mistari ya daftari, yakapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Nikajisemea ni uzee. Kisha, mwezi wa Machi, likaja daftari lake lenye mwandiko mwingine kabisa: mdogo, wa duara, uliokaa sawasawa juu ya mstari. Na kila ukurasa, pale palipochapwa "Jina la mwangalizi", palikuwa peupe.

Kurasa ishirini na sita bila jina. Nilimwonyesha Bwana Idrisa, msimamizi wetu.

"Wakumbushe," alisema bila kuinua macho. "Labda amepata mtu wa kumwandikia."

Nikaweka kikaratasi ndani ya daftari: Tafadhali jaza jina la mwangalizi. Mwisho wa Aprili daftari lilirudi. Kikaratasi changu kilikuwa bado mle ndani, kimekunjwa vizuri mara mbili, na jina halikuandikwa.

Sababu niliijua baadaye sana, nikiwa nimekaa jikoni kwa Mama Sekela, mke wa Mzee Ambwene, na sahani ya ndizi mapajani. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwake, na kwa mkamwana wake Tulia, na machache kwa mzee mwenyewe, ambaye si mtu wa maneno mengi anapokuwa chini ya paa.

Nyumba yao ni ya mwisho kabla ya msitu. Mashamba ya chai yanaishia chini yao, halafu kuna viazi kidogo na mahindi, halafu miti. Mzee Ambwene alizaliwa hapo. Baba yake alikuwa mtegaji, naye akajifunza utegaji kabla ya kujifunza kusoma: namna ya kuinamisha mche, kufunga kitanzi cha waya, na kukisugua kwa udongo ili kisinuke mkono wa mtu. Mahindi yalipokomaa, kima na kipunji walishuka, na mwenye shamba hakuwa na huruma. Wala hakuna aliyemtaka awe nayo.

Wataalamu walipofika zamani hizo, wakisema wanamtafuta mnyama asiyeandikwa katika kitabu chochote, walimweleza alivyo: kishungi, tumbo jeupe, mlio wa chini kama honi iliyoingia maji. Ambwene alicheka mpaka akakaa chini.

"Mpya?" aliwauliza. "Mpya kwa nani?"

Akawapeleka mpaka chini ya mti ambao tumbili hao walikuwa wamelala juu yake. Hivyo ndivyo alivyopata kazi. Hakuanza kwa kuwapenda. Alianza kwa sababu alijua walipo.

Kupenda kulikuja kwa aibu. Mradi ulimwambia aitoe mitego yake yote, naye akaitoa yote isipokuwa mmoja aliousahau kule kwenye mianzi. Baada ya wiki tatu alikuta jike mchanga amenaswa mkia. Alipomkaribia, yule mnyama alijivuta kwa nguvu zake zote akapanda juu, na nusu ya mkia ikabaki kwenye waya. Kutoka juu alimpigia kelele. Sauti yake ilikatika katikati, kama mlango wenye bawaba moja.

"Alinifuata kwa matusi mpaka nilipotoka msituni," mzee hupenda kusimulia.

"Na ulistahili," Mama Sekela humjibu.

Akamwita Mkato. Kwa miaka kumi na minne alimtafuta wa kwanza kila asubuhi. Alijua amezaa mara ngapi. Alijua anapenda kukaa upande gani wa mti jua linapochomoza. Katika madaftari ya nyuma, niliyokuja kuyasoma upya, kuna mistari ambayo mimi mwenyewe niliiruka kwa kuwa kompyuta haina nafasi yake: "Mkato ameamka vizuri." "Mkato amenitazama leo."

Kisha macho yakaanza kwenda. Hospitalini walimwambia ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone, wakamweleza bila kuficha kwamba kilichopotea hakirudi. Alirudi nyumbani akasema ameambiwa apunguze moshi. Mwangalizi asiyeona hana kibali cha kuingia katika hifadhi. Yeye aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyewasomea wenzake walipoanza. Bila kibali, angekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba na kusikiliza msitu kwa mbali kama mtu anayesikiliza harusi ya jirani. Kwa hiyo akanyamaza. Njia zote zilikuwa miguuni mwake. Kundi lake la kipunji alilijua kwa sauti, mmoja mmoja, kama mwalimu wa kwaya anavyojua nani hajaja mazoezini. Ikafika mahali akawa anaona mwanga na kivuli tu, na bado kila asubuhi akavaa mabuti ya mvua, akachukua daftari, akaondoka.

Mke wake hakugundua. Bwana Idrisa hakugundua. Aliyegundua ni mtu ambaye alikuwa hajawahi kumtazama usoni hata siku moja.

Tulia ni wa Masoko, kule chini kwenye joto na kahawa. Aliolewa na Godwin, mtoto wa mwisho wa mzee, ambaye anafanya kazi ya mizigo Tunduma na huja nyumbani sikukuu. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa humkwepa baba mkwe wake. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, hataji jina lake, na wakikutana njiani huacha njia. Na mzee naye ana wajibu wake: akimwona mkamwana kwa mbali hukohoa, hugeuka, hutafuta pa kupitia, wala naye hamtaji jina. Mjini wengi wameliacha jambo hili. Nina rafiki anayemtumia mkwe wake picha za watoto kwa simu. Katika ua wa Mzee Ambwene halikuachwa. Tulia alikuwa ameishi pale miaka kumi na moja, na alichokijua cha baba mkwe wake ni mabuti, kikohozi, na kofia ya sufu kwa nyuma.

Mwezi wa Februari, mchana wa manyunyu, alikuwa anarudi kutoka bondeni na kikapu cha magimbi na ule mwavuli wake mwekundu ambao Godwin alimletea. Ni mwavuli unaoonekana kutoka kilima cha pili. Akaona mabuti yanashuka. Akangoja kikohozi.

Kikohozi hakikuja. Mabuti yaliendelea kuja, katikati ya njia, wala hayakupunguza mwendo.

Tulia aliuinamisha mwavuli mbele ya uso wake akasogea ukingoni. Fimbo ya mzee ikagonga mwavuli.

"Ugonile, mama," mzee alisalimia kwa upole. "Nani huyo? Mbona umeziba njia?"

Tulia aliruka. Hakuchagua pa kurukia; aliangukia katikati ya michai, magimbi yakatawanyika, mwavuli ukapinduka. Akiwa amelala pale, kanga imenasa kwenye vijiti, akasikia sauti ileile: "Pole, mama! Umeanguka? Nipe mkono."

Na kupitia kwenye majani aliuona mkono wa baba mkwe wake, wenye vidole vinene na kovu la panga, umenyooshwa kwa ukarimu wote. Umenyooshwa upande usio na mtu. Ulikuwa unangoja kushikwa na mche wa chai.

Alirudi nyumbani kwa njia ya shambani, mbio. "Mama," alimwambia Mama Sekela, "tata haoni." Tata, kwa lugha yetu, ni baba.

Jioni, wakati wa kula, Mama Sekela alimwekea mumewe sahani, akakaa.

"Baba Godwin. Leo umekutana na nani njiani?"

"Mwanamke mmoja. Kimya kama kisiki."

"Ukampa mkono?"

"Alianguka, maskini."

"Ulikuwa unampa mkono mkamwana wako."

Mzee aliweka chini kipande cha ndizi alichokuwa nacho. Kumsalimia mkamwana, na kutaka kumshika mkono: mambo kama hayo huwezi hata kuyapeleka kwa wazee bila kuomba maji ya kunywa kwanza.

"Faini ni kuku wangapi?" aliuliza hatimaye.

"Mambo ya kuku baadaye. Kwanza niambie habari ya macho."

Akamwambia. Mama Sekela aliniambia kwamba alilia kidogo, halafu akakasirika, halafu akaosha vyombo, na alipomaliza vyombo alikuwa ameshaamua.

"Hutaingia tena kule peke yako. Utatumbukia korongoni niambiwe na kunguru. Utakwenda na Tulia."

"Mama Godwin, unaumwa?"

"Mimi magoti hayapandi. Godwin yuko Tunduma. Tulia ana macho, amemaliza kidato cha nne, na mwandiko wake unasomeka."

"Nitaongeaje na mkamwana wangu msituni?"

"Usiongee naye. Ongea na miti. Miaka yote unaongea nayo, leo umekosa la kuiambia?"

Hivyo ndivyo walivyofanya. Tulia alitangulia hatua ishirini, mwavuli begani, mgongo kwa mzee. Alipita akigonga mashina kwa mpini wa mwavuli, na mzee akafuata sauti hiyo ya kugonga. Penye mteremko mbaya alimngoja afike karibu, akanyoosha mwavuli nyuma bila kugeuka, mzee akashika ncha, wakashuka. Daftari lililazwa juu ya gogo. Mmoja aliliacha, akasogea, mwingine akaja kulichukua.

Na miti ikapata kazi ya ukarani.

"Mti," mzee aliuliza, "wanakula nini leo?"

"Mti, mwambie tata ni matunda yale ya njano, madogo."

"Mti, andika hivyo. Na mahali?"

"Chini ya mianzi, kabla ya kijito."

"Mti huu umepiga chafya tangu asubuhi. Kesho uje na sweta."

Kesho yake mti ulikuja na sweta.

Mwanzoni Tulia aliwaogopa wale wanyama. Huko kwao tumbili ni mwizi wa ndizi, hafahamiki zaidi ya hapo. Alipotazama juu hakuona wanyama bali majani yanayotikisika. Taratibu majani yakapata mikia, mikia ikapata nyuso. Nyuso hizo nyeusi, aliniambia, zina namna ya kukutazama kama bibi aliyekufumania unakula chakula cha wageni.

Kuhusu idadi, mzee ndiye aliyesema. Kila asubuhi alisimama akafumba macho, ingawa kuyafumba hakukuwa na maana tena, akasikiliza mpaka kila mmoja apige kelele yake, kisha akasema: "Mti, andika ishirini." Tulia akaandika ishirini. Siku nyingine, majani yalipokuwa machache, Tulia alihesabu ishirini na mmoja. Alidhani amemhesabu mmoja mara mbili. Na hata kama hakukosea, angemsahihisha vipi baba mkwe? Hakuulizwa. Mti hauongezi neno kwenye kauli ya mzee.

Jina la mwangalizi ndilo lililomshinda. La baba mkwe haruhusiwi kulitamka, na kuliandika aliona ni kulitamka kwa mkono. "Na langu," aliniambia, "si kazi yangu. Ningekuwa nimemwibia. Ndiyo nikaacha wazi. Kikaratasi chako nilikiona, dada. Nilikitunza."

Kuna kitu kimoja ambacho mzee hakuuambia mti wowote. Tangu mvua za Februari hakuwa ameisikia sauti ya Mkato. Alingoja wiki moja, akangoja mwezi. Kundi lilikuwa na sauti ishirini na moja. Sasa zilikuwa ishirini. Mama Sekela alimwona akirudi kila siku, anavua mabuti, anakaa bila kuomba chai. Siku moja tu alisema: "Yule mama amekwenda." Mama Sekela alidhani anazungumzia mwanamke wa kanisani aliyekuwa anaumwa, akamwambia Mungu ampumzishe.

Hesabu ya mwaka hufanyika Julai, baridi inapokuwa kali na mvua zimepungua. Bwana Idrisa huenda na kila mwangalizi hadi kwenye kundi lake, wanahesabu pamoja, na hesabu hiyo hulinganishwa na madaftari. Asiyeweza kulionyesha kundi lake hubadilishwa. Mwaka huu msaidizi wa Bwana Idrisa alikuwa likizo, kwa hiyo akaniambia nivae viatu vya kufaa nimfuate nikaandike. Nilikuwa nimenakili msitu ule kwa zaidi ya miaka miwili na sijawahi kuingia ndani yake.

Mzee Ambwene alitungoja nje, amevaa koti la suti juu ya sweta. Alikuwa amekusudia kutuongoza mwenyewe, kwa miguu yake inayokumbuka. Lakini Mama Sekela alimtokeza Tulia na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha kwenye kikapu. "Atawabebea chakula," alisema, na Tulia, uso ndani ya mwavuli, akatangulia.

Tulipanda kwa saa moja na nusu. Ukungu ulikuwa mzito, na mbele yetu ule mpini ukigonga shina baada ya shina.

"Mbona mpishi ndiye anayetangulia?" Bwana Idrisa aliniuliza kwa sauti ya chini.

Mzee alisimama. Akainua mkono. Sikusikia chochote, halafu nikasikia, juu kabisa, ile honi iliyoingia maji, na nyingine ikaijibu. Ukungu ulikuwa unapanda. Matawi yakatokea, na juu yake wakatokea wao, wamejikunyata kwa baridi, manyoya yamejaa matone. Nilisahau kalamu.

"Ishirini," alisema mzee baada ya muda.

Bwana Idrisa alikuwa na darubini. Alihesabu mara mbili, midomo ikicheza. "Ishirini na mmoja, mzee."

"Ishirini."

"Ninawaona, baba. Ishirini na mmoja. Na daftari lako linasema ishirini tangu Machi."

"Walikuwa ishirini na mmoja," alisema Mzee Ambwene. "Mmoja amekufa."

"Basi tazama mwenyewe." Bwana Idrisa alimpa darubini, baada ya kufunga vioo vyake kwa vile vifuniko vyeusi, kama anavyofanya siku zote ili visipate unyevu.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka machoni, akaielekeza juu, akakaa hivyo. Vifuniko vilikuwa bado vimefungwa. Nilimwona Bwana Idrisa akiviona.

"Vifuniko," alisema mwishowe, taratibu.

Mzee alivipapasa kwa kidole. Akaishusha darubini.

"Bwana Idrisa," alisema, "hata ukivitoa."

Bwana Idrisa ni mtoto wa wafanyabiashara wa Tukuyu, mtu wa haraka na wa utani mwingi, lakini hapo hakutania. "Tangu lini?" aliuliza.

"Mvua hizi zilizopita ni za pili sioni. Niliwajua kwa masikio. Sikuandika uongo, ila huo wa kunyamaza." Alitoa kibali chake kwenye mfuko wa koti, kile kikadi kilichopigwa plastiki, akamnyooshea; na safari hii mkono ulikwenda mahali sahihi. "Lakini ni ishirini. Hilo sikosei. Yule jike wangu alikufa mvuani. Sijamsikia tangu Februari."

Tulia alikuwa amesimama hatua ishirini mbele, mgongo kwetu. Niliuona ule mwavuli mwekundu ukitikisika kidogo, kama unanyeshewa.

"Mti," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mti, mwambie tata. Yuko mmoja ana mkia nusu."

Mzee hakusogea.

"Anakaa nyuma ya wenzake," Tulia aliuambia mti, sasa kwa haraka. "Kila siku. Ana kitu kooni, kama kidonda kilichopona. Hufungua mdomo wenzake wakilia, lakini sauti haitoki. Nilimwona tangu wiki ya pili. Sikuulizwa, mti. Nilidhani tata anamjua."

Miezi minne mzee alikuwa amemlilia, na miezi minne Tulia alikuwa amemwona kila asubuhi, na katikati yao palikuwa na hatua ishirini za heshima.

Mzee Ambwene aliuacha mti. Alimgeukia kabisa, uso wake wote kuelekea ule mwavuli.

"Tulia. We Tulia. Unasema kweli, mwanangu?"

Sikuwahi kufikiri kwamba jina la mtu linaweza kusikika hivyo, kama kitu kilichotunzwa sandukuni miaka kumi na moja. Tulia hakugeuka. Lakini alijibu, na hakujibu mti.

"Kweli, tata."

"Anafanya nini sasa?"

"Amekaa upande wa jua. Anakutazama."

Mzee alivua kofia yake ya sufu. Akasimama vile, kichwa wazi kwenye ile baridi, akitazama juu, mahali ambapo kwa kweli hapakuwa na mnyama. Mkato alikuwa kulia kidogo. Hakuna aliyemwambia.

Tulikunywa chai. Bwana Idrisa aligeuzageuza kile kibali kwa muda mrefu.

"Siwezi kukurudishia hiki, mzee," alisema. "Sheria ni ile uliyowasomea wenzako. Kitaandikwa jina la huyu mama, na yeye ndiye atakuwa mwangalizi." Akamega kiazi. "Ila mwangalizi anaruhusiwa kuwa na mtu wa kumwonyesha njia. Sijui kanuni yoyote inayomkataza mzee kutembea na mkamwana wake msituni."

"Ipo," alisema Mzee Ambwene. "Ni ya kwetu."

Bwana Idrisa alicheka mpaka tumbili wakahama tawi.

Mama Sekela alidai kuku wawili, mmoja wa njiani, mmoja wa kutaja jina, na akasema yeye ndiye mzee wa baraza hilo kwa hiyo kuku waletwe jikoni kwake. Ndipo nilipopewa ile sahani ya ndizi, na paja la kuku wa kwanza juu yake. Mzee alikula nje, Tulia alikula ndani, na kati yao kulikuwa na ukuta, kama kawaida. Maana walirudi kwenye miti. Nilimuuliza Tulia kwa nini, wakati wameshazungumza. Alifikiri kidogo. Alisema ameshaizoea, na kwamba kuna mambo tata huuambia mti ambayo asingemwambia mtu.

Mimi nimeongeza safu moja kwenye kompyuta, kando ya "Walioonekana". Inaitwa "Waliosikika". Bwana Idrisa aliniuliza nani ameiruhusu, kisha akasahau kungoja jibu.

Daftari la Agosti limefika jana. Mwandiko ni uleule wa duara. Jina la mwangalizi: Tulia, mkamwana. Walioonekana: ishirini na mmoja. Waliosikika: ishirini. Na chini, pale pembeni pasipo na nafasi rasmi, kwa herufi ndogo zaidi: "Mkato yuko nyuma, anakula. Nimeuambia mti."